Dakika Saba Kabla ya Hali ya Hewa

Mimi ndiye niliyekiondoa king'amuzi cha baba sebuleni kwa mama, kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, huku nikipiga mluzi. Nalisema mapema ili nisije nikajipendelea huko mbele, maana kujipendelea ni kipaji changu.

Nina duka Makambako, karibu na njia panda ya kwenda Njombe. Watu wanaliita laibrari ingawa halina hata kitabu kimoja. Mteja analeta flashi, anachagua muvi na tamthilia, namjazia, anaondoka na burudani ya wiki nzima mfukoni. Madereva wa malori ni wateja wangu, walimu pia, hata wauguzi wa Lugarawa wakipita kwenda likizo. Kwa kazi hiyo nilijiona mtaalamu. Mtu akinitajia dishi na king'amuzi nilimcheka mbele yake. Nilimwambia kulipia chaneli mia ili utazame mbili ni kama kukodi lori ubebe debe moja la mahindi.

Baba alikuwa mkulima wa viazi kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, na mzee wa usharika kwa miaka mingi. King'amuzi alikinunua baada ya kuvuna miti yake ya mbao, na hakuniomba ushauri. Alimwita fundi kutoka mjini, akakaa naye mchana kutwa, akafundishwa rimoti kitufe kwa kitufe huku akiandika kwenye daftari. Mimi, mtaalamu wa familia, nikasusa. Nilipokuja kuwatembelea niliona dishi juu ya bati na sikulisemea neno.

Miaka miwili iliyopita kifua kilimshinda, tukamzika mteremkoni, jirani na kaburi la mama yake. Kiti chake cha mbao chenye mto wa kufuma kikabaki palepale kilipokuwa, kando ya dirisha, kimekaa mshazari. Hakuna aliyekatazwa kukikalia, na hakuna aliyekikalia.

Jambo lililonifanya nikichukie kile king'amuzi lilitokea mwaka jana. Nilikuwa pale jioni, mama yuko jikoni, nami natazama mpira. Jiko la mama ni la kuni, limejengwa peke yake nyuma ya nyumba, kama yalivyo mengi ya huku kwetu. Mara kwenye skrini kikatokea kisanduku kidogo cha maandishi, na kabla sijakisoma chaneli ikahama yenyewe. Mpira ukapotea, akaja mtu anatangaza mbolea. Nywele zilinisimama, nakiri. Nyumba imefiwa, jua linazama, na televisheni inajibadilisha bila mkono wa mtu. Kisha ubishi wangu wa dukani ukanirudia: chombo kimezeeka, basi. Nikachukua rimoti, nikaurudisha mpira.

Baada ya muda mama akaingia anachechemea, anafuta mikono kwenye kanga. Akatazama televisheni, akanitazama mimi, akatazama kiti.

"Mpira," akasema.

"Tunaongoza, mama."

"Sawa." Akarudi jikoni.

Tangu siku ile nikawa na sababu ya kusema kwamba kile kitu ni kibovu. Sababu nyingine nilikuwa nazo tayari. Kifurushi kikikatika ni mimi, upepo ukilisukuma dishi ni mimi wa kutafuta fundi. Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Chaneli za kulipia zikikatika zilibaki mbili tatu za bure, na yeye aliwasha hizohizo kila siku saa kumi na moja jioni, akaongeza sauti, akaenda zake jikoni. Anayewasha televisheni halafu anaondoka, niliwaza, hahitaji king'amuzi, anahitaji kelele tu.

Basi ile Jumamosi ya mwezi wa tano nilipanda kwenda Njombe na begi la mitambo. Nilikuwa na kisanduku kidogo cha intaneti kinachoenea kiganjani, ruta ya laini ya simu, na flashi niliyoiandaa kwa wiki mbili. Humo niliweka kila kitu cha familia kilichowahi kupigwa picha: harusi ya dada yangu, kipaimara cha watoto, uimbaji wa kwaya ya usharika siku ya mavuno. Nilizikusanya kutoka kwenye kanda na sidii za zamani, nikazisafisha, nikazipanga. Sijawahi kumfanyia mteja kazi nzuri kama ile.

Mama alinipokea mlangoni. "Kamwene," akasema, salamu yetu Wabena, nami nikaitikia, kisha nikampa shikamoo yake. Nilipokuwa nachomoa waya za king'amuzi alisimama nyuma yangu.

"Na hiki cha baba yako?"

"Kimepitwa na wakati, mama. Tena ni kibovu, kinajihamisha chenyewe."

"Kinafanya kazi."

"Hiki kipya kitafanya zaidi. Utaangalia unachotaka, saa unayotaka wewe."

"Sawa," akasema. Kisha akasema tena, "Sawa, mwanangu."

Mama zetu wa huku wakisema sawa mara mbili, ujue kuna neno limebaki ndani. Hilo nalijua toka utotoni. Siku ile nilikuwa natafuta tundu la waya, sikulisikia.

Jumatatu, dukani, nilikichomeka kile king'amuzi kwenye televisheni yangu ili nikifute. Nilikuwa nimemuahidi mwalimu mmoja wa Kidugala, mteja wangu wa siku nyingi, kwamba nitampa. Katika kazi yetu hiyo ni adabu: humpi mtu chombo chenye mambo ya mwenzake, kama usivyomwazima jirani sufuria lenye ukoko. Nikatafuta sehemu ya kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Skrini ikaniuliza kama nina hakika, kwamba chaneli zilizohifadhiwa na vikumbusho vyote vitafutika. Nililisoma neno vikumbusho. Nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilijiuliza baba angekuwa na kikumbusho gani. Halafu nikabonyeza ndiyo.

Wiki ya kwanza nilimpigia mama simu kila siku. Kisanduku vipi? Kizuri. Picha zinaonekana? Zinaonekana. Mara moja tu alitoa neno la ziada. "Kinaniuliza kama bado nipo," alisema. Nikacheka, nikamweleza kwamba ukikaa muda mrefu bila kugusa rimoti kinasimama na kuandika, Bado unatazama? "Nilijibu," akasema, "nilisema ndiyo. Hakikusikia." Nilicheka tena, nikawahadithia wateja, nao wakacheka. Leo nikiikumbuka sauti yake kwenye ile simu sioni kichekesho.

Jumapili iliyofuata nikaenda kumwonyesha flashi. Tulikaa wawili baada ya ibada, mimi kwenye kochi, yeye kwenye kigoda chake karibu na jiko la mkaa la kuotea moto. Harusi ya dada ikaanza. Mama akatabasamu kumwona baba na suti ya kijivu, anacheza kwa kujivuta. Ikaja kipaimara. Baba yuko pale pia, pembeni ya picha, anapiga miayo. Mama akacheka hadi akafuta machozi. Kipaimara kikaisha, na kisanduku, kama nilivyokifundisha, kikafungua picha inayofuata bila kuulizwa.

Nilizipanga kwa alfabeti. Baada ya harusi na kipaimara ulikuja msiba.

Mazishi ya baba yalipigwa video, kama yanavyopigwa mengi siku hizi, ili ndugu wa mbali waone. Nilikuwa nimeitia kwenye flashi pamoja na nyingine bila kufikiri, kwa tamaa ya fundi ya kutaka kila kitu kiwemo. Kabla sijaipata rimoti tuliona turubai, tuliona jeneza, tukamwona mama mwenyewe ameshikwa mabega na wanawake wawili, mdomo wazi. Yule mama wa kwenye video alilia kwa sauti kubwa sana kwa sababu mimi ndiye niliyeongeza sauti, wakati wa harusi.

Nikazima. Nikaomba msamaha, mama akasema si kitu, akainuka kwenda kuchemsha chai. Nikabaki mimi, kisanduku na kile kiti. Nilihisi natazamwa, na sikuwa na ujasiri wa kugeuza shingo. Mtu mzima, mwenye duka, nikaenda kumsubiri mama nje, kwenye baridi.

Mwezi wa sita ukaingia. Asiyekaa kwetu ajue kwamba kiangazi tunalima vinyungu, bustani za bondeni zinazotegemea unyevu wa mto. Ni ardhi nzuri, ila ina adui mmoja. Baridi ikishuka bondeni umande unaganda juu ya majani, na jua likipanda yanageuka meusi kama yamebabuliwa kwa moto. Dawa yake ni kuwahi. Ukijua mapema kwamba usiku utakuwa mkali, unayafunika mashina kwa nyasi kavu, na asubuhi unapata kitu. Baba na mama walivipoteza viazi vya vinyungu mara moja tu, mwaka waliooana. Walikuwa wakisimulia kama watu wanavyosimulia vita.

Siku moja mama akanipigia asubuhi. "Ukipata nafasi, uje," akasema. Nikafunga duka.

Nilimkuta bondeni, amekaa juu ya tuta, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Shamba lote lilikuwa jeusi. Ilibaki mistari michache tu iliyokingwa na miparachichi. Zile nyasi kavu zilikuwa zimerundikwa pembeni, tayari, hazijaguswa.

Nikakasirika, na hasira yangu ikamwendea yeye, kama kawaida ya hasira kumwendea aliye karibu. "Mama, jana hukusikia hali ya hewa? Hata Makambako walitangaza baridi kali."

"Sikuitwa," akasema.

"Na nani?"

Akachuma jani moja, akalisaga kwa vidole. "Na baba yako."

Nilimwangalia usoni nikitafuta dalili za uzee kumchezea akili. Hazikuwepo. Alinieleza polepole, huku akiendelea kuchuma yale majani ambayo hayana kazi tena.

Kila jioni ya maisha yao, tangu wakiwa na redio ya betri, baba alimwita kutoka dirishani: Mama, njoo tusikie baridi. Naye aliacha sufuria, akaja, wakasikiliza pamoja, akasema nimesikia, wakapanga kama ni siku ya kufunika. Kifua kilipoanza kumkaba baba, sauti haikufika tena jikoni. Ndipo alipochukua lile daftari na rimoti, akakesha navyo siku mbili, akakifundisha king'amuzi kuhamia chaneli ya hali ya hewa kila jioni chenyewe. Mama akiwa jikoni alisikia sauti za tamthilia zinakatika, zinaingia nyingine, akajua ndiyo wito. "Aliniambia, sauti yangu imekwisha. Kuanzia leo hiki ndicho kitakachokuita."

"Na baada ya kuzika?" nikauliza.

"Siku waliyoondoka wageni wote nilikaa jikoni peke yangu. Kikaniita."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda. Ukiitwa na mume wako unabaki jikoni?" Akatupa jani. "Nikaingia, nikasema nimesikia, nikakaa. Kila siku."

Nikakumbuka ule mpira, na mama mlangoni anafuta mikono. Alikuwa ameitwa, akakuta nimemnyamazisha mwitaji. Nilitamani ardhi ya kinyungu ipasuke inimeze.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuja na waya zako, mwanangu. Ulikuwa na furaha."

"Lakini kwenye flashi si yupo? Nimemweka mle, unaweza kumwona muda wowote."

Hakuwa na nia ya kuniumiza, na ndiyo maana liliniuma. "Kwenye flashi yako baba yako ameshakufa," akasema. "Kule alikuwa bado ana kazi."

Siku ileile nilikwenda Kidugala. Mwalimu alinirudishia king'amuzi bila maneno mengi, aliona uso wangu. Nilijua ninachokwenda kukikuta na bado njia nzima nilijidanganya kwamba labda siku ile nilibonyeza vibaya, labda kuna kitu kimesalia. Nikakichomeka dukani, nikafungua orodha ya vikumbusho. Ilikuwa tupu. Nikazima, nikawasha, nikafungua tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, nami niliuacha na kuufua kabisa ili usibaki na harufu ya baba ndani.

Daftari la baba halikuonekana. Huenda lilitumika kuwashia moto siku za msiba.

Jumamosi nikakifunga upya palepale kilipokuwa. Nilimwambia mama nimekirudisha kama zamani, na sikumwambia nilikuwa nimekifuta. Hali ya hewa huanza saa kumi na mbili kamili jioni, hilo nililijua, kwa hiyo nikaweka kikumbusho saa kumi na mbili kamili. Nikakaa kwenye kochi.

Saa ikafika. Kisanduku cha maandishi kikatokea, tamthilia ikakatika, mtangazaji akaanza kutaja mikoa. Nikasikia jikoni kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini. Nikasubiri. Njombe ikatajwa, ikapita. Mama alipoingia, ameshika fremu ya mlango, mtangazaji alikuwa anawatakia watazamaji jioni njema.

"Nimekosea wapi?" nikamuuliza.

"Hujakosea. Hiyo ndiyo saa yenyewe." Akajishusha kwenye kigoda. "Baba yako alikuwa ananiita dakika saba kabla."

"Za nini?"

"Za mguu."

Nikaelewa yule mtu wa mbolea. Siku ya mpira chaneli haikuhamia kwenye hali ya hewa, ilihamia kwenye matangazo ya biashara yanayoitangulia. Baba alimpigia mama hesabu ya kuinuka, kufunika sufuria, kuuvuka ule uwanja wenye kijiwe kilichotokeza, kushika ukuta, na kukaa, ili akishakaa tu ndipo waanze kutaja baridi. Mimi mwanawe nimemwona mama akichechemea miaka mingi na sijawahi kuhesabu hata dakika moja.

Nilimwambia ukweli palepale, kwamba nilikifuta, kwamba kilichomwita leo ni mimi. "Najua," akasema. "Yeye hajawahi kuchelewa."

Jumapili nilirekebisha. Dakika saba kabla ya saa kumi na mbili tamthilia ikakatika, akaja yule mtu na mifuko yake ya mbolea. Mama akatoka jikoni. Nilimsikia nje, hatua na mburuzo, hatua na mburuzo. Akaingia, akakaa, akapanga kanga magotini, na mtangazaji akaanza. Njombe, baridi kali usiku wa leo.

"Nimesikia," mama akasema.

Alisema akiniangalia mimi. Hakukiangalia kiti. Nilikuwa nimekirudisha king'amuzi, saa, hata dakika, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimemaliza kumtoa baba ndani ya nyumba. Nikasema nitakwenda kufunika ile mistari ya chini ya miparachichi.

"Utakwenda," akasema. "Kwanza kaa pale." Alinionyesha kwa kidevu kiti cha dirishani. "Anayeita anakaa pale."

Nikakataa, naye akangoja tu. Nikaenda nikakaa. Mbao zilikuwa za baridi, na mto ulikuwa bado na bonde la mtu mwenye umbo jingine. Nikageuka kutazama televisheni, nikashangaa. Ukiwa kwenye kiti kile huioni vizuri, mwanga wa dirisha unaifuta nusu nzima. Unachokiona vizuri, kupitia kioo cha dirisha, ni mlango wa jikoni, uwanja, kile kijiwe, na ukuta ambao mama anaushika akija.